Safari ya Tajiri Chambulila Kwenda Ofisi ya Ardhi

Ng'ombe wa tajiri Chambulila walimaliza mahindi ya jirani yake, mjane Sitamili. Mjane akamshtaki barazani.

"Hati yako iko wapi, mama?" tajiri alicheka. "Shamba lisilo na hati ni malisho ya wote."

"Ndivyo, mzee?"

"Ndivyo!"

"Basi mwenyekiti wa baraza aandike maneno hayo."

Chambulila akatia saini kwa mbwembwe.

Kesho yake mbuzi wa kijiji kizima walikuwa ndani ya kabichi zake.

"Toeni mbuzi wenu!"

"Hati yako iko wapi, mzee?" aliuliza Sitamili, akitafuna muwa.

Nayo hati ya tajiri ilikuwa imekwama ofisi ya ardhi mwaka wa tisa. Chambulila akawasha gari, akaenda mjini kupiga meza. Siku ya tatu alirudi na hati mkononi na karani kwenye kiti cha nyuma.

"Mama Sitamili," karani aliita, "saini hapa, hati hii ni yako. Mashamba yenu yako kwenye ramani moja, hati hutoka pamoja."

Chambulila akamgeukia mjane. "Ulijua?"

"Nilijua. Nimekwenda huko mara kumi na moja kwa miguu. Safari hii nikaona nikutume wewe mwenye gari."