Ua la Dari na Mafuta ya Cherehani

Wahenga hawakuwa na friji, kwa hiyo kuoza walikujua vizuri. Waliona samaki akioza kabla ya jua kuzama, nyanya ikioza siku ya pili, hata gogo gumu likiliwa na mchwa mpaka likabaki ganda tupu. Wakatafuta kitu ambacho ukikiweka leo utakikuta kesho, keshokutwa na mtondogoo, wakakipata kimoja tu. Ndiyo maana wakasema, wema hauozi. Yaani ukimtendea mtu jambo jema, hata kama mwenyewe utalisahau, lenyewe lipo pale pale linangoja zamu yake. Sasa sikilizeni jinsi lilivyomngoja binti mmoja fundi, tena lilimngoja juu ya kichwa chake, naye kainamisha uso.

Binti huyo watu walimwita Chokaa. Tangu utotoni alikuwa akirudi nyumbani kutoka karakana ya baba yake akiwa mweupe kuanzia kope hadi kisigino, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Baba alikuwa fundi wa jasi, ule unga mweupe ambao wengi wanauita jipsamu. Alitengeneza mikanda ya dari na yale maua makubwa ya katikati, panapotokea taa. Alipofariki, karakana ilibaki kwa Chokaa na kaka yake mkubwa, fundi sakafu, ambaye alipewa jina la Zege. Zege alikuwa na mikono ya dhahabu na haraka ya moto wa mabua. Akiona kazi, ameshaimaliza kabla hujamweleza ni kazi gani.

Kati ya kazi zote za baba, moja ilikuwa kama jicho katikati ya uso: dari ya chumba cha kusomea cha maktaba. Ua lilikuwa na petali kumi na sita, upana wake kama gurudumu la baiskeli, na kulizunguka palikuwa na mikanda minne ya majani, kila jani na mshipa wake. Chokaa akilemewa na dunia alikuwa anaingia humo, anafungua kitabu chochote, halafu anasoma dari.

Jumapili moja bomba la juu likavuja. Maktaba ilikuwa imefungwa, na bahati nzuri hakukuwa na mtu. Jasi ikanywa maji mpaka ikalewa, ua likaanguka lote. Jumatatu asubuhi vipande vilijaa ndoo mbili, na kikubwa kuliko vyote hakikuzidi kidole gumba.

Msimamizi wa maktaba alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye wasomaji, kisirisiri, walimwita Bwana Kimya. Alizoea kunong'ona hata akiwa sokoni.

"Ijumaa saa nne wanakuja mafundi wa plastiki," alimnong'oneza Chokaa. "Ukileta ua lile lile, tutalipandisha, na mikanda ya marehemu itabaki. Usipoleta, wanakwangua dari nzima wanaweka vibao vya plastiki. Sitaki nusu hiki nusu kile."

"Leo Jumatatu, mzee."

"Siku za wiki nazijua, binti yangu. Hata mimi napenda ile dari. Lakini bodi imeshakata shauri."

Chokaa hakuogopa sana. Baba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kalibu zake, yaani vile vyombo vyenye umbo ndani ambavyo unamiminia jasi igande, alizipanga kwenye kona nyuma ya mlango. Alirudi karakana mbio, akasukuma mlango, akaikuta kona nyeupe, safi, tupu.

"Kaka, vitu vilivyokuwa hapa viko wapi?"

"Vitu gani? Kile kifusi?" Zege alipiga sakafu kwa kisigino, akacheka kwa fahari. "Umesimama juu yake. Si ulilalamika hapa pana shimo? Nikakiponda, nikajazia, juu nikapiga saruji. Hata tembo apite, haibonyei."

Chokaa akatazama miguu yake. Sakafu ilikuwa nzuri kweli, laini kama kioo.

"Kaka, zile zilikuwa kalibu za baba."

Zege akatazama sakafu, akamtazama dada yake, akanyanyua mguu mmoja kana kwamba amekanyaga mtoto.

"Mbona zilifanana na mawe?"

"Kalibu ya jasi ulitaka ifanane na nini, mto wa kulalia?"

Jumanne nzima Chokaa alijaribu kufinyanga ua jipya kwa udongo, akiangalia picha kwenye simu. Petali zilitoka kama ndizi zilizogombana. Alibomoa, akaanza tena, akabomoa. Zege alifagia karakana mara tano, na kila alipofika kwenye ile kona alinyata.

Jumatano Chokaa alikwenda kuchukua ovaroli yake kwa Mama Cherehani, mjane aliyeshonea mafundi wa mtaa mzima nguo za kazi. Chumba chake kilikuwa kimoja: meza ya kukatia, cherehani chini ya taa, na marobota ya vitambaa mpaka dirishani. Chokaa alisimama katikati macho chini, kama mtu aliyepoteza sindano.

"Kola imechakaa, nitakuwekea mpya," alisema Mama Cherehani akivuta futi yake shingoni. "Inua kidevu."

Chokaa akainua kidogo.

"Inua, mwanangu. Mimi sipimi shingo ya kobe."

Akainua kidevu juu kabisa, na macho yake yakagonga dari. Kuzunguka waya wa taa, limepakwa rangi ya maziwa, vumbi limejaa mikunjoni, lilikuwapo ua. Akahesabu petali. Akahesabu tena. Kumi na sita.

"Mama, hili ua..."

"La baba yako. Umelisahau? Wewe ndiye uliyeshika ngazi, una miaka tisa, unapiga chafya mpaka ngazi inacheza." Mama Cherehani akaweka futi mezani. "Pale juu palikuwa na tundu. Vumbi na vinyesi vya mijusi vilikuwa vinadondokea nguo za watu. Nimemshonea mtu shati jeupe mara tatu, mara tatu linachafuka kabla hajalivaa. Baba yako alikuja kuchukua suruali, akatazama juu, akaondoka. Kesho yake akaja na ngazi. Akaniambia, shemeji, hili lilitoka na kishimo kwenye petali moja, nimekiziba kwa dole gumba. La maktaba nimemimina jingine. Hili likae kwako."

"Ukampa nini?"

"Nilimuuliza nimpe nini. Akasema nimpe maji ya kunywa." Mama Cherehani akatabasamu. "Tangu siku hiyo, kila nikitunga uzi lazima nitazame kwenye mwanga, na nikitazama namshukuru. Mara hamsini kwa siku. Ila hii cherehani ina kelele, sijui kama ananisikia."

Chokaa akaketi juu ya robota la vitambaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akaeleza yote, ndoo mbili, sakafu ya Zege, mafundi wa plastiki.

"Sasa unalilia nini?" alisema yule mama. "Panda ulishushe. Limeshanitunza vya kutosha."

"Nikilishusha litashuka vipande vipande, mama. Jasi ikishashika dari haiachi. Mpaka nilinakili huko huko lilipo, na ile silikoni, mpira laini wa kutengenezea kalibu, ni ya kumimina. Bei yake inauma, na dari haimiminiwi."

Hapo hapo akakumbuka kitu. Kwenye simu yake alikuwa amehifadhi video ya mtu mmoja mwenye beseni. Yule mtu alichukua silikoni ya kawaida, ile ya kuzibia vioo vya madirisha, akaikamua ndani ya maji yenye sabuni nyingi ya vyombo, akaikanda humo humo mpaka ikawa donge kama la unga. Donge halimwagiki. Unalibandika, linakaa.

Akanunua tyubu moja, akajaribu juu ya kifuniko cha kopo la vifungo. Chumba kikanuka siki. Alikanda, akakanda, akitaka donge liwe laini kabisa, na kabla hajalibandika likamgandia vidoleni.

Zege, aliyekuwa amekuja kuomba radhi kwa mara ya saba, akachungulia beseni. "Hongera. Umepata glavu."

"Nenda kaninunulie tyubu kumi."

Zege alitoka mbio bila kuuliza za nini.

Alhamisi asubuhi walizima umeme wa chumba na kuishusha taa. Chokaa akapanda ngazi, akasafisha ua kwa brashi laini. Kisha akakwama. Kwenye ile video walisema kitu chenye vitundu vidogo kama jasi lazima kipakwe mafuta mepesi, la sivyo silikoni inang'ang'ania na kung'oa. Mafuta ya kupikia yangeacha utando.

Mama Cherehani akafungua droo, akatoa kichupa chenye mdomo mrefu. "Haya hayaachi hata doa kwenye hariri."

Yalikuwa mafuta ya cherehani. Chokaa alipaka kila mkunjo kwa brashi ndogo. Safari hii alikanda tyubu moja moja, haraka, na donge lilipoanza tu kushikamana, akalibandika. Petali mbili, kisha mbili nyingine, akifuta sabuni ukingoni kila mara ili donge jipya liungane na la zamani. Shingo ilimuuma kama imepigwa nyundo. Juu ya silikoni akaweka ganda la kuishikilia umbo lake, mabaki ya vitambaa vya Mama Cherehani yaliyochovywa kwenye jasi. Ganda likaanza kulegea kwa uzito.

"Kaka, panda mezani. Leo wewe ni nguzo."

Zege akapanda juu ya meza ya kukatia, akawekewa ubao kichwani, akasimama akisukuma dari kwa utosi. Muda wote huo wateja walikuwa wanaingia na kutoka.

"Mama, hii ni mashine mpya?" aliuliza fundi bomba mmoja aliyefuata suruali yake.

"Hiyo nguzo. Usiiguse, haijakauka."

"Na inakodolea macho hivi hivi?"

"Nikitoka hapa nitakuonyesha kama nakodoa," ilisema nguzo.

Baada ya saa mbili ganda lilitolewa, na silikoni ikabanduka polepole, kama ganda la yai lililochemka vizuri. Ua la Mama Cherehani lilibaki juu zima, na lilionekana limenawa uso. Huku chini, mikononi mwa Chokaa, ilikuwa kalibu laini, ya rangi ya maziwa ya maji, yenye petali kumi na sita zilizotazama ndani.

Alasiri hiyo karakanani alinyunyiza jasi kwenye maji, si maji kwenye jasi, kama baba alivyomfundisha, akakoroga bila kuvuta hewa, akamimina, akagonga meza mpaka viputo vikapanda. Ilipopoa akaikunja kalibu pembeni na kulitoa ua. Kaka na dada wakasimama wakilitazama.

Kwenye petali ya saba palikuwa na kibonyeo kidogo. Na ndani ya kibonyeo, mistari myembamba inazunguka. Lilikuwa dole gumba la baba. Silikoni haijui kuficha kitu.

Zege akachukua msasa. "Nilainishe? La maktaba halikuwa na hii. Yule mzee alisema ua lile lile."

Chokaa akaushika mkono wake. Alijua kaka yake anasema kweli. Alijua pia dari nzima imening'inia kwenye petali moja.

"Weka chini," alisema. "Kama ni kulikwangua, watalikwangua wao. Mimi mkono wa baba siukwangui."

Ijumaa saa nne kasoro mafundi wa plastiki walikuwa wameshasimamisha ngazi. Bwana Kimya alilaza picha ya zamani mezani, akawasha tochi, akalilinganisha ua petali kwa petali. Ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya saba akasimama.

"Hii alama kwenye picha haipo."

"Ni kweli haipo, mzee." Chokaa akalisogelea ua. "Hili ni la kwanza, ndugu la lile lililoanguka. Baba aliliziba kwa dole akampa mjane aliyekuwa anashona chini ya tundu. Hilo ndilo nililonakili. Alama ni ya kidole chake."

Bwana Kimya aliinama. Akasogeza tochi mpaka ile mistari ikatupa vivuli. Kisha akanyoosha mgongo na kuwageukia mafundi wa plastiki.

"Nendeni," alisema. "Ila ngazi mtuachie. Binti huyu atazihitaji."

Alikuwa amesema kwa sauti kubwa, na msomaji mmoja wa kwenye kona akamwambia, "Sss."

Kabla ya adhuhuri ua lilikuwa juu, katikati ya mikanda yake, na Zege ndiye aliyekuwa nguzo, safari hii bila kuambiwa.

Kutoka pale Chokaa alikwenda moja kwa moja kwa Mama Cherehani. Alikuta ovaroli yake ina kola mpya. Alitaka kumimina ua jingine, jipya, ampandishie badala ya lile la zamani. Yule mama akakataa.

"Langu liache. Mimi na hilo tumezoeana."

"Basi nikupe nini, mama? Niambie chochote."

Mama Cherehani akatunga uzi, macho yake yakitazama juu kwenye taa, midomo ikicheza kidogo kama kila siku.

"Nipe maji ya kunywa," alisema.

Chokaa akaenda kuchota maji, akampa kwa mikono miwili. Bomba linaweza kuvuja, jasi ikalewa na kuanguka, na kalibu zikafukiwa chini ya saruji na mtu mwenye nia njema. Lakini kweli ya wahenga ikabaki pale pale darini, na dole gumba ndiyo sahihi yake: wema hauozi.