Ufunguo Katika Pindo la Kanga

"Ukitaka kasha la mwenzio lifunguliwe, toa ufunguo wako." Mama yenu kawaambia hivyo, nanyi mnaniuliza kalitoa wapi neno hilo. Salha, mwache kwanza dada yako na simu yake, kaa usikilize. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia nyumbani kwetu.

Bwana Makame alikuwa na wake wawili, Bi Tatu mkubwa na Bi Mwanasha mdogo. Kila sikukuu alimpa kila mmoja doti ya kanga, sawa kwa sawa, kama sheria inavyotaka. Lakini Bi Tatu kila akimchungulia mwenziwe kisimani, alimwona na vazi jingine. Wivu ukamkaba. Mwisho akaenda kwa kadhi.

"Bwana Kadhi, mume wangu ananidhulumu. Kasha la Mwanasha lifunguliwe mbele za watu, tuone kanga anazofichiwa."

Bi Mwanasha akalia. "Kasha nilipewa na mama yangu. Yaliyomo ni siri yangu. Hata mume wangu hajatia mkono mle."

Bwana Makame aliapa kuwa hugawa sawa, lakini kiapo cha mume wa wake wawili, wajukuu zangu, nani akiamini?

Kadhi akasema, "Bi Tatu, kutendewa sawa ni haki yako. Na siri ya Mwanasha ni haki yake. Siikanyagi hata moja. Atakwenda Kungwi Mize, aliyewafunda nyote wawili. Ataangalia kanga, ataniambia habari za kanga, basi. Na usawa hauonekani kwa kutazama upande mmoja. Nipe na ufunguo wako."

Bi Tatu akashika pindo la kanga yake, alikoufunga. "Wangu wa nini? Mimi ndiye niliyedhulumiwa!"

"Basi futa mashtaka."

Hakufuta. Wivu uliishinda hofu. Akafungua fundo, akamkabidhi kadhi ufunguo.

Kungwi Mize aliporudi alisema, "Doti sita huku, sita kule. Mwanasha huchanganya vipande tu, leo cha hii na cha ile, ndiyo maana zinaonekana nyingi."

"Na kingine umeona nini mle?" Bi Tatu akadakia.

Kungwi akamtazama. "Kwa Mwanasha, au kwako?"

Bi Tatu akachukua ufunguo wake, akaenda zake.

Huyo Bi Tatu alikuwa bibi yangu. Kasha lake ndilo hilo unalolikalia, Salha. Kabla hajafa alinionyesha hirizi iliyokuwa chini kabisa, imeandikwa jina la Mwanasha, ili mume amchoke. Kungwi aliiona siku ile, akaenda na siri hiyo kaburini. Na yaliyokuwa kashani mwa Mwanasha hatujayajua mpaka leo.

Sasa, unataka simu ya dada yako ikaguliwe? Haya, na yako iweke hapa mkekani. Mbona umeificha? Ukitaka kasha la mwenzio lifunguliwe, toa ufunguo wako.