Pishi ya Mfalme Kiboko

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeitikia kama watu walioshiba. Na ninyi hapo nyuma mnaomenya njegere, nawasikia zinavyoingia mdomoni badala ya sufuriani. Paukwa tena!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, katika nchi ya milima na ukungu, watu na wanyama walilima njegere pamoja. Mfalme wao alikuwa Kiboko. Siku hizo Kiboko aliishi nchi kavu, kwenye jumba lenye baraza, na alipenda njegere za nazi kuliko alivyowapenda wake zake.

Desturi ya nchi ilikuwa hii: ukivuna, njegere zako zote zinakwenda ghala la mfalme kupimwa. Kisha kila nyumba inapewa pishi moja ya kula na, mvua zikikaribia, pishi moja ya mbegu. Pishi yenyewe ilikuwa kibuyu kikubwa, hukibebi kwa mkono mmoja.

Mtunza ghala alikuwa Bwana Kindi, yule mwenye mashavu yaliyojaa hata wakati wa njaa. Mfalme alimwita akamwambia, "Kindi, kila mwaka nataka njegere ziongezeke. Siku zikipungua, mkia wako nitaufanya usinga wa kufukuzia nzi."

Mwaka wa kwanza mvua ilinyesha vizuri. Kindi akapima kwa kibuyu, akapata pishi mia. Akatoka barazani.

"Zimeongezeka, zimeongezeka, zimeongezeka!"

"Basi pigeni ngoma!" akasema mfalme.

Mwaka wa pili mvua ilikuwa haba, na nusu ya njegere zilivushwa mto kwa Mfalme Nyati, maana Kiboko alitaka asifiwe ng'ambo. Kindi akaangalia ghala, akaangalia mkia wake. Akakitupa kile kibuyu jaani akisema kimechakaa, akaleta kifuu cha nazi. Akapima, akapata pishi mia tatu.

"Zimeongezeka, zimeongezeka, zimeongezeka!"

"Basi pigeni ngoma!"

Mwaka wa tatu jua lilichoma mpaka mawe. Kindi akazunguka nyuma ya nyumba ya Bi Kanga, akaokota ganda la yai lililoanguliwa. Akapima kwa ganda lile, akapata pishi elfu moja!

"Zimeongezeka, zimeongezeka, zimeongezeka!"

Ngoma ikapigwa mpaka ngozi ikapasuka. Mzee Kobe peke yake akanung'unika, "Ghala limeongezeka, lakini chungu changu hakina habari." Mfalme akasikia. Akatoa amri palepale: yeyote atakayesema njegere zimepungua, awe nani awe nani, atatoka nchini kabla jua halijazama. Kobe akafukuzwa. Ndiyo maana hadi leo anatembea na nyumba mgongoni, hajui atafukuzwa tena lini.

Mnacheka? Bi Kanga hakucheka. Alikuwa mjane mwenye vifaranga saba. Mbegu aliyopewa mwaka ule ilijaa ganda la yai, basi. Na ganda lenyewe alilitambua: lilikuwa la kifaranga wake wa mwisho, lina doa karibu na ncha. Kibuyu cha zamani alikuwa amekiokota jaani akakifanya kiota, na wale saba wote walianguliwa humo.

"Mama," akauliza mkubwa wao, "njegere zimeongezeka zikaenda wapi?"

"Zimekwenda kwenye ngoma, mwanangu."

Wawili kati yao walikuwa hawasimami tena kwa njaa. Mawingu yalishaanza kukusanyika mlimani, na wa kupanda hakuwa na mbegu. Nawaambieni kweli, hapo moyo wa mama unauma.

Siku ileile ikaja habari kwamba Mfalme Nyati anavuka mto kuja kuona nchi ya pishi elfu. Bi Kanga akajifunga kibwebwe, akangoja mgeni afike na kuketi, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Ewe mfalme, njegere zimeongezeka mno. Naomba heshima ya kumpikia mgeni."

Kiboko akafurahi. Akasema kwa sauti kubwa, mgeni asikie, "Mpikie yeye pishi tano na mimi pishi tano. Nchi ina elfu, kumi ni nini?"

Mpaka siku hiyo Kindi alikuwa akimjazia mfalme sufuria kwa macho, bila kupima. Akaruka mbele. "Mfalme wangu, mimi nitaongeza kidogo tu..."

"Ya nini kuongeza, Bwana Kindi?" akauliza Bi Kanga kwa upole. "Mfalme kasema kumi. Au pishi ya mfalme ni ndogo?"

Kindi akaukumbatia mkia wake.

Bi Kanga akapima maganda kumi mbele ya Kindi, akapika katika chungu cha kulisha kijiji kizima, akatia tui. Harufu ikafika mpaka bondeni. Watu wakajaa, wanyama wakajaa. Chungu kikaletwa na watu wanne. Kiboko akafunua mwenyewe.

Akachungulia. Akatia upawa. Upawa ukagonga chini: ko! Akatia mara ya pili: ko! Akatia mara ya tatu, akaibuka na tui na njegere tatu.

"Huyu mgeni ale nini?" akanguruma. "Njegere zimepungua!"

Bi Kanga akaugeukia umati.

"Nani amesema?" akauliza Bi Kanga. "Mimi nimesikia, sijui wenzangu."

"Tumesikia!" wakaitika watu na wanyama.

Mfalme Nyati, ambaye habari za amri ile zilishamfikia ng'ambo, akatazama juu. "Naona jua linakaribia kuzama," akasema.

Kiboko akatafuta wa kumtetea. Kindi alishapanda mti na mashavu yake, na mpaka leo hajashuka akatulia. Kiboko akateremka mtoni kwa aibu, akazama, akabakiza macho na masikio. Tangu siku hiyo hutoka kwa kuvizia tu, kuja kuvamia mashamba yetu, na mkimsikia mjue anatafuta zile pishi elfu zake.

Ghala likafunguliwa. Zilipopimwa kwa kibuyu, zilikuwa pishi tisa. Wakazipanda zote, wakala majani na mizizi mpaka mavuno. Vifaranga wa Bi Kanga walipona sita.

Mavuno yalipokuja, wakachagua mfalme mpya. Jambo la kwanza alilosema akiwa kitini, akitabasamu, ni hili: "Mwaka huu nataka ziongezeke. Pishi iko wapi?"

"Nimeilalia," akajibu Bi Kanga.

Na mpaka leo ukimsogelea kanga, hata ukiwa mfalme, atapiga kelele mtaa mzima uamke. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya chungu. Sasa nileteeni hizo njegere mlizomenya, nizione.