Kitabu Kilichorudi Kipya

Chukueni shule yoyote ya msingi ya serikali, ile mnayoijua ninyi. Madarasa saba, mlingoti wa bendera, stoo yenye kufuli. Mwaka mmoja lori lilifika pale na vitabu vya kiada. Havikuwa vya kununua. Havikuwa vya kugawana watoto watatu kwa kimoja, kama ilivyokuwa tangu shule ifunguliwe. Walimu walihesabu vitabu, wakahesabu watoto, wakakuta hesabu mbili zimekutana. Kila mtoto, kitabu chake, bure.

Darasa la nne lilikuwa na binti mmoja aliyelelewa na bibi yake. Waliishi wawili tu, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba.

Kabla ya lori hilo, dawati la binti huyu lilikuwa na watu watatu na kitabu kimoja cha Hisabati. Kitabu kilikaa katikati, vichwa vitatu vikakiinamia.

"Geuza basi."

"Subiri, sijafika chini."

"Wewe unasoma kama unachambua mchele."

Walicheka, mwalimu akagonga ubao. Na kwa kuwa yako madawati ambayo hayakuwa na kitabu hata hicho kimoja, mwalimu aliandika maswali yote ubaoni kwa chaki. Mikono yake ilikuwa nyeupe hadi kwenye kiwiko. Aliyekuwa na kitabu aliona, na asiyekuwa nacho aliona vilevile.

Siku ya kugawa vitabu vipya wazazi waliitwa kutia saini. Mwalimu mkuu akasoma kwa sauti muhuri uliogongwa ndani ya jalada: "Mali ya Serikali. Hakiuzwi." Kisha akaongeza la kwake, kwamba kitabu kikipotea au kikiharibika mzazi atajibu. Bibi akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza fomu.

Naomba mmwelewe bibi huyu kabla hamjamcheka. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika. Asubuhi moja magunia yalikuwa pungufu. Hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye mwizi. Walisema tu kwamba yale yalikuwa mali ya serikali, na kwamba funguo alikuwa nazo yeye. Alikaa ndani miezi minne. Aliporudi hakuketi tena barazani na watu, na baada ya miaka miwili walimzika. Mwalimu mkuu aliyasoma maneno ya muhuri kama tangazo. Bibi aliyasikia kama mlango wa mahabusu.

Walipofika nyumbani akasema, "Lete nikione, mke mwenzangu." Ndivyo alivyozoea kumwita mjukuu wake.

Binti akampa. Bibi akakigeuza nyuma na mbele bila kukifungua.

"Hiki hakitoki humu ndani."

"Bibi, ni cha kusomea!"

"Utasomea cha wenzako. Si mlikuwa mnasoma watatu? Hiki nitakitunza, mwisho wa mwaka tuwarudishie chao, tulale usingizi."

"Basi nikifungue mara moja tu."

"Ukikikunja je? Ukikimwagia uji? Babu yako hakumwaga hata uji, na walimchukua."

Akakifunga kwa gazeti, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya sanduku la bati. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Je, alimchukia mjukuu wake? Hakuwa na mtu mwingine duniani. Alikuwa anamlinda, kwa njia pekee aliyofundishwa na maisha yake.

Kesho yake mwalimu alifuta ubao. "Sasa kila mtu ana chake," akasema. "Fungueni ukurasa wa thelathini na mbili, swali la kwanza mpaka la kumi." Kisha akaketi. Alikuwa ameandika ubaoni miaka kumi na minne. Nani kati yetu angemlaumu kwa kuketi?

Binti akamgeukia mwenzake wa kushoto. "Sogeza kidogo."

"Mwalimu kasema kila mtu na chake. Chako kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi, kimekwenda mnadani?"

"Labda kinaumwa," akasema wa kulia, na wote wawili wakacheka.

Hawakuwa watoto wabaya, ndugu zangu. Walikuwa na vitabu vipya mbele yao, vinanukia wino, na kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wanageuza ukurasa bila kumsubiri mtu.

Mwalimu alipopita akauliza, "Kitabu chako?"

Binti akainamia daftari lake.

"Umekipoteza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kesho uje nacho."

Kesho ikafika, na nyingine, na nyingine. Wiki ya tatu mwalimu akachoka kumwona akichungulia vya wenzake, akamhamishia dawati la nyuma. Lilikuwa dawati la watu watatu. Aliketi peke yake, na kwa mazoea aliketi katikati.

Mtauliza, kwa nini asiseme ukweli? Kusema kitabu kiko sandukuni ni jambo la sekunde tano. Lakini alijua kitakachofuata. Barua ingeandikwa, bibi angeitwa ofisini kuhusu mali ya serikali. Binti yule alikuwa amesikia habari za babu yake mara nyingi mno. Akaamua kunyamaza. Mtoto wa miaka kumi aliubeba uamuzi huo mwaka mzima, na hakuna mtu aliyejua kwamba kuna kitu amebeba.

Kila siku alifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika "Ukurasa wa 32". Chini yake hakuandika kitu, kwa kuwa hakuwa na la kuandika. Siku iliyofuata, "Ukurasa wa 35". Kisha "Ukurasa wa 38". Mwalimu akipita na kalamu nyekundu aliandika, "Fanya kazi!" Kufika mwezi wa nane daftari lilikuwa limejaa namba za kurasa ambazo hakuwahi kuziona.

Wakati wa mapumziko wenzake walizungumza juu ya ukurasa wa hamsini. Kulikuwa na swali la kuhesabu miguu ya tembo watatu, na mchoraji alikosea, akamchora tembo mmoja na miguu mitano. Darasa zima lilibishana kama jibu ni kumi na mbili au kumi na tatu. Kwa siku mbili ndiyo yalikuwa mazungumzo ya shule. Binti alisimama karibu yao. Wenzake walipocheka naye alicheka, lakini alichelewa kidogo. Mmoja akamtazama. Tangu siku hiyo wakati wa mapumziko alibaki darasani.

Jioni bibi alimuuliza, "Leo mmesoma nini?"

"Ukurasa wa hamsini na nne."

"Vizuri. Soma, mke mwenzangu. Mimi sikusoma."

Wakala ugali wao. Bibi alikificha kitabu kwa hofu yake, mjukuu akamficha bibi yaliyompata darasani. Walikuwa wawili kwenye chungu kimoja, na kila mmoja alikuwa peke yake.

Ukaja mtihani wa darasa la nne. Asiyefaulu hukariri darasa. Jina la binti lilikuwa la mwisho kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Siku ya kufunga shule, wazazi waliitwa kurudisha vitabu. Meza iliwekwa mbele ya ofisi. Vitabu vilirudi vilivyo: kimoja hakina jalada, kingine kimechorwa masharubu juu ya kila picha, kingine kina doa la mafuta ya taa. Mwalimu mkuu alinung'unika kwa kila kimoja. Ndipo akafika bibi. Akafungua kanga, akatoa mfuko wa nailoni, akatoa gazeti, akatoa kitabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu akakinyanyua juu ili wazazi wote wakione. "Tazameni! Hivi ndivyo kitabu kinavyotunzwa! Mpigieni makofi bibi huyu!"

Wakapiga makofi. Bibi akainamisha kichwa. Tangu mumewe achukuliwe, hakuwahi kusimama mbele ya watu akasifiwa. Akasema, "Nimewarudishia kama mlivyonipa. Sidaiwi."

Mwalimu wa darasa alikuwa ameketi na rejesta, kazi yake kuandika hali ya kila kitabu. Akakichukua, akakifungua katikati. Mnajua kitabu kipya kinapofunguliwa mara ya kwanza hutoa mlio kwenye mgongo. Kilitoa mlio huo. Mwalimu akafungua kwingine, kikalia tena. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni. Akaweka kalamu chini.

Akamtazama binti, aliyesimama nyuma ya bibi yake. "Kilikuwa nyumbani mwaka mzima?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Ungemwita bibi."

Bibi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kwani kilikuwa cha kufunguliwa kila siku?"

Mwalimu aliandika kwenye rejesta, "Hali: kipya." Mwaka uliofuata binti alirudi darasa la nne, na waliokuwa wenzake wakaenda la tano.

Ndugu zangu, naona baadhi yenu mmeshapata somo. Mnasema: mchungaji anatuambia juu ya Neno la Mungu tulilolifunga kitambaani tukaliweka kabatini. Ni kweli, na mwenye kabati la namna hiyo amejisikia. Lakini leo sikuja kwa ajili ya bibi. Bibi alitia dole gumba kwenye maneno aliyosomewa na mtu mwingine, na hofu yake ilikuwa na kaburi nyuma yake. Mwacheni.

Mimi nina swali kwa lile dawati.

Aliyetoa vitabu alitoa vya kutosha. Hesabu ilitimia. Kwenye rejesta, binti yule amepokea. Ukikagua karatasi hutaona kosa hata moja. Basi ilikuwaje mtoto asome vizuri wakati wa kitabu kimoja kwa watatu, kisha ashindwe wakati kila mtu ana chake? Jibuni mioyoni mwenu. Wakati wa shida, walisogeleana kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Neema ilipofika, walikaa wima. Mwenzake wa kushoto alikuwa umbali wa kiwiko. Aliuliza, "Chako kiko wapi?" na jibu akalifanyia mzaha. Mwalimu aliuliza, "Umekipoteza?" na akaambiwa hapana, na hakuuliza la pili. Watu wazima na watoto, darasa zima, hakuna aliyetoka nje ya ukurasa wake.

Na sisi? Sisi wa kanisa hili tulikuwa na Biblia nne na vitabu vya nyimbo saba, wazee wanakumbuka. Tulisoma tumeegemeana mabega. Ulijua jirani yako ana kikohozi kwa sababu alikohoa juu ya ukurasa wako. Ulijua hajui kusoma kwa sababu alikusubiri uanze. Leo kila mmoja ana yake, wengine wanayo kwenye simu. Tunamshukuru Mungu. Sisemi turudi kwenye Biblia nne. Nasema kwamba siku tulipotoshelezwa, tuliacha kujua nani amekaa na namba ya ukurasa tu.

Maana yupo. Yumo humu ndani. Nikitaja zaburi anafunua midomo pamoja nanyi. Ninyi mkicheka anacheka, anachelewa kidogo. Mambo yake yameandikwa sawa kwenye rejesta yetu: amebatizwa, amepokelewa, ametoa ahadi. Na nyumbani kwake kuna kitu kimefungwa, anakinyamazia ili mtu mwingine asiaibike. Mume wake, labda. Mama yake. Mtoto wake. Tumempita na kalamu nyekundu tukamwambia, jitahidi, ongeza maombi, fanya kazi.

Mungu hakutupa vya kutosha ili tusihitajiane. Alitupa vya kutosha ili mikono yetu iwe na nafasi.

Kwa hiyo leo kabla ya baraka sitawaambia mgeuke mkasalimiane. Mmeshasalimiana mlangoni, na salamu zetu tunazijua, kila mtu ni mzima. Nawaomba jambo moja. Mwulize aliye karibu nawe swali hili: ni jambo gani unalinyamazia? Kisha usimsaidie kujibu. Usimpe mstari, usimwambie hata wewe yalikupata. Kaa kimya mpaka aseme, au mpaka akuambie hayuko tayari.

Itachukua muda. Kwaya itasubiri, na mimi nitasubiri.