Handaki la Mwabili

Mziba njia hupitiwa nyumbani. Mlimsikia mama mmoja akiyasema maneno hayo leo kwenye baraza la kugawa viwanja kule Pengoni, mkacheka mkidhani anawaombea wenzake waingiliwe na wezi. Righa, wewe ndiye uliyecheka kuliko wote, kwa hiyo sogea hapa ushike ungo unisaidie kuchambua maharagwe. Hadithi hii simsimulii mtu aliyekunja mikono. Msemo huo ulizaliwa hapa hapa kwetu, ndani ya ukoo wangu, na aliyeuzaa hakuwa akicheka.

Mnalijua Pengo, ule uwazi ulio kati ya kilima cha Irindi na kilima cha Mlughi. Upande wa machweo kuna nyika, na upande wa macheo kuna mto usiokauka. Zamani mvua zikinyesha ndovu walikwenda nyikani kula majani, na kiangazi kikikaza walirudi mtoni, wakiongozwa na jike mmoja mzee. Kwenda walipita Pengoni na kurudi walipita Pengoni, maana kwingine kote ni majabali ambayo hata mbuzi huyafikiria kwanza. Wazee wakaweka mwiko: Pengoni utachunga, utakata kuni, utachuma mboga, lakini hapatiwi mafiga. Na pasipo mafiga hapana mji.

Watu nao waliyajua majira hayo. Aliyetaka kuvuka nyika kwenda kusalimia jamaa zake wa ng'ambo alingoja ndovu warudi mtoni, ndipo akafunga safari na watoto wake bila hofu.

Sasa, bibi yangu Samba alikuwa na kaka aliyeitwa Mwabili. Mke wa Mwabili alifariki akamwachia mtoto mmoja tu, binti, jina lake Wakesho. Mwabili hakuoa tena. Alimlea mwenyewe, akimkorogea uji na kumsuka nywele vibaya mpaka wenzake wakamtania njiani. Wakesho alipokua alichumbiwa na Mwadime, kijana mpole wa ng'ambo ya nyika, mwendo wa kulala njiani. Mwabili hakumkataa kijana. Alichokikataa ni ule umbali. Akamwomba mkwewe ajenge huku, na Mwadime, ambaye kwao alikuwa kitinda mimba asiye na shamba la maana, akakubali.

Shida ikawa ardhi. Vilimani kila tuta lilikuwa na mwenyewe, na palipobaki wazi ni Pengoni tu.

"Kaka, pale hapatiwi mafiga," bibi Samba alimwambia.

"Ndovu hupita mara mbili kwa mwaka," Mwabili akajibu. "Mwanangu ataishi pale mwaka mzima. Nani mwenye haja zaidi?"

"Na wakija?"

"Watazunguka."

"Wazungukie wapi, kaka?"

Mwabili akainuka kwenda kupima kiwanja. Na bibi yangu hakuendelea kumbishia, kwa sababu naye alimpenda yule binti na alitaka kumwona kila siku. Alisema neno lake, kisha akachukua jembe akaenda kusaidia. Wengi wetu tuko hivyo, tunaonya huku mikono yetu inafanya kazi.

Kijiji kizima kilitoka kwa ujima wakati ndovu wako nyikani. Walichimba handaki kutoka jabali la Irindi hadi jabali la Mlughi, lenye kina cha kumpita mtu mzima, kingo zake zimesimama wima. Waliacha kivuko kimoja tu cha udongo usiochimbwa, ili Wakesho apite na mbuzi wake kwenda malishoni. Nyumba ilijengwa nyuma ya handaki, upande wa mto, na ili binti asisumbuke, mlango wake ulielekezwa kwenye kile kivuko. Mwabili alichagua mafiga mwenyewe akayabeba hadi jikoni kwa mwanawe. Kila jioni alishuka kwenda kula naye, na Wakesho alipojifungua mtoto wa kiume, mzee yule alikuwa na furaha ambayo watu waliizungumza kwa miaka mingi.

Kiangazi kikaingia. Ndovu wakatoka nyikani wakafika Pengoni, wakakuta ardhi imekatika. Yule jike mzee aliweka mguu ukingoni, udongo ukamomonyoka, akaurudisha. Wanaume walikuwa wamejipanga kwenye kivuko wakipiga madebe na kupunga vijinga vya moto. Ndovu walisimama pale asubuhi yote, kisha wakageuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwabili akachinja mbuzi, akasema kwamba wazee wa kale walikuwa waoga tu, wangechimba handaki mapema.

Lakini nyikani hapakuwa na maji. Wachungaji walileta habari kwamba wameona mtoto wa ndovu amekufa, na baadaye mwingine, na mama zao wamesimama juu yao hawataki kuondoka. Bibi Samba alinisimulia kwamba siku hiyo aliacha kazi zake zote. Alikwenda kumwambia kaka yake wafukie handaki. Mwabili akasema wangoje kidogo, mvua zinakaribia. Mvua hazikuwa karibu.

Siku moja ndovu walirudi mchana, watu wakiwa mashambani, kivuko hakina mlinzi. Wakesho alikuwa uani akianika mahindi, mtoto amelala ndani. Alimwona yule jike mzee akifuata ukingo wa handaki taratibu, akipapasa chini kwa mkonga, mpaka akafika kwenye kivuko. Wakesho alikimbilia ndani akamnyakua mtoto, akatokea dirisha la nyuma na kujibanza nyuma ya mwamba. Ndovu walivuka mmoja mmoja. Hawakumfukuza mtu wala hawakugusa mahindi. Walikuwa wakienda mtoni, na nyumba ilikuwa katikati ya njia yao, basi wakapita ndani yake. Wa mwisho alipotoka, palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo na vijiti.

Wanaume walihamaki. Walimtafuta mtu mwenye bunduki, na yule jike mzee akaangushwa mtoni, midomo bado ina maji. Mwabili yeye hakuwafuata; alikuja mbio akamkuta mwanawe hai na mjukuu hai, akaketi chini akalia. Alikuwa bado anafuta machozi Mwadime alipomjia.

"Baba," kijana alisema, "sina ugomvi nawe. Ulinipa mke na ulinipa mahali. Lakini mahali penyewe hapakuwa pako kunipa. Niruhusu nimpeleke Wakesho kwetu."

"Nitawajengea tena, mwanangu. Juu kidogo."

"Juu kote kuna wenyewe, baba. Chini ni kwa ndovu. Umenisitiri vya kutosha."

Mwabili alimtazama binti yake amtetee. Wakesho alimshika baba yake mikono. "Nitakuja kila kiangazi, baba," alisema. "Ndovu wakiwa mtoni, nitavuka nyika na mtoto, nitakuja."

Walipoondoka, Mwabili alichukua koleo akaanza kulifukia handaki. Watu walitaka kumsaidia, akawakatalia. Alifukia peke yake mpaka Pengo likawa tambarare tena, akangoja ndovu wapite kama zamani.

Hawakupita kama zamani. Aliyewaongoza alikuwa amekufa, na waliobaki walitawanyika. Wengine walirudi nyikani ovyo wakabaki huko mwaka mzima wakihangaika kwenye vidimbwi, wengine walizagaa mashambani, na wakawa wakali, maana walikwisha kuumizwa. Majira yao yakapotea, na ile siku salama ya kuvuka nyika ikapotea pia. Msafiri hakujua tena lini aende na lini angoje. Mwanamume mmoja mmoja alithubutu kuvuka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni nani angemruhusu?

Kiangazi cha kwanza Wakesho alituma salamu kwamba njia ni mbaya. Cha pili vivyo hivyo. Mwabili alikuwa akishuka Pengoni na kukaa huko mpaka jua lizame, akiitazama nyika. Akasikia kwa watu kwamba amepata wajukuu wengine. Majina yao aliletewa na wasafiri, sura zao hakuziona kamwe. Mimi huumia kila nifikapo hapa, kwa sababu mzee yule hakuwa mbaya. Alitaka mwanawe awe karibu, nani asiyetaka hivyo?

Alipougua kitandani, bibi Samba alimwambia asihuzunike, kwani alikwisha kulifukia handaki.

"Nimelifukia nikiwa nimechelewa, dada," akasema. "Nilidhani naziba njia ya ndovu, kumbe ilikuwa hiyo hiyo ya mwanangu."

Kisha akawageukia vijana waliokuja kumjulia hali, akawaambia maneno ambayo ninyi leo mliyacheka barazani: "Mziba njia hupitiwa nyumbani."