Macho ya Jenerali Tambwe

"Aliyeinama hachori macho." Ndivyo mlivyomsikia mama mmoja akiwaambia madiwani leo mkutanoni, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, kaeni. Pili, sogea huku, na wewe Hamdani weka hiyo simu mfukoni, maana bibi yenu harudii neno. Msemo huu una kwao, na safari ya huko ni hii.

Palikuwa na nchi ya milimani ambako ukungu ulishuka alfajiri ukakaa mpaka adhuhuri, na watu wakatembea ndani yake kama walio usingizini. Mtawala wao alikuwa mwanajeshi, Jenerali Tambwe. Desturi ya huko ilikuwa kwamba ukiingia mbele ya Jenerali unainama, na macho yako hayapandi kupita kifungo cha kati cha koti lake. Hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Mawaziri waliinama, makapteni waliinama, hata kinyozi wake alinyoa kwa kupapasa. Mimi nauita huo wendawazimu, lakini mtu akizaliwa nao huuita adabu.

Basi Jenerali akataka picha yake kubwa ya rangi itundikwe ukumbini. Akaitwa mzee Farahani, mchoraji stadi kuliko wote mjini. Mzee akaichora sare vizuri mno, lakini kwa kuwa hakuthubutu kuutazama uso wenyewe, akampa Jenerali macho ya chui. Picha ikaonyeshwa kwa mama yake Jenerali, Bi Sikudhani, aliyekuwa akiishi mbali shambani na kuja mjini kwa nadra. Bibi akatikisa kichwa.

"Mimi sikuzaa chui," akasema. "Huyu simjui."

Jenerali aliona aibu mbele ya mama yake, na aibu ya mkubwa humwangukia mdogo. Mzee Farahani akatiwa gerezani siku hiyo hiyo. Kisha akaitwa binti yake, Tunu, ambaye naye alikuwa mchoraji, akaambiwa, "Chora upya. Mama akinitambua, baba yako anarudi nyumbani. Asiponitambua, utamfuata aliko."

Akapewa chumba cha ghorofani chenye dirisha moja lililojaa weupe wa ukungu. Jenerali alikaa kwenye kiti kirefu, kofia yake ya kijeshi ameishusha mpaka kwenye nyusi, kama alivyozoea siku hizo hata mbele ya mama yake. Tunu alikaa chini kidogo, kichwa ameinamisha. Hawakuongea. Harufu ya mafuta ya rangi ilijaa chumbani, saa ya ukutani ikagonga taratibu, na siku zikaingiliana hata Tunu asijue ipi ni jana na ipi ni leo. Usiku alipolala aliendelea kuchora ndotoni, na asubuhi alishangaa kukuta rangi hazijapungua.

Picha ikakua kutoka chini kwenda juu. Vikaja viatu, suruali yenye mstari mwekundu, glovu nyeupe juu ya mpini wa upanga, mshipi wa buluu, nishani. Kidevu na midomo alivipata kwa kuibia, kufumba na kufumbua. Pakabaki pa macho, mahali pawili peupe, na pale mkono wake ukagoma.

Adhuhuri moja kipepeo mweupe akaingia dirishani. Akazunguka chumba, akatua begani kwa Jenerali, kisha akainuka polepole kuelekea usoni. Tunu akamfuata kwa macho bila kufikiri, kama mtu anavyofuata kitu ndotoni, mpaka akajikuta anamtazama Jenerali chini ya ile kofia. Kipepeo akapiga mbawa mbele kabisa ya jicho. Jicho halikupepesa. Yote mawili yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Tunu alimtazama kwa muda mrefu sana, na Jenerali hakujua kwamba anatazamwa.

Tunu akaingiwa na huruma na hofu kwa pamoja. Akiyachora macho yale, amefichua siri ya mtu mwenye bunduki zote za nchi. Akichora mengine, mama atayakataa, na baba yake atafia ndani. Akachovya brashi.

Siku ya kuonyeshwa picha ukumbi ulijaa. Lakini desturi ni desturi: mbele ya picha nayo, wakubwa wote waliinama wakatazama kifungo cha kati. Bi Sikudhani peke yake aliinua uso, akaisogelea.

"Mchoraji," Jenerali akaita, "ieleze picha yangu, watu wasikie."

Tunu akaanza. Akaeleza viatu, upanga, mshipi, nishani moja baada ya nyingine. Akafika kidevuni, akafika midomoni, akasita.

"Endelea," Jenerali akasema.

"Macho yana ukungu, Mtukufu. Yananielekea, lakini hayanioni."

Kapteni mmoja akapeleka mkono kwenye bastola. Bi Sikudhani akampita kama hamwoni, akaenda kumvua mwanawe kofia.

"Huyu wa kwenye picha ndiye niliyemzaa," akasema. "Na baba yake, Mungu amrehemu, macho yake yalianza hivi hivi. Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mvua za mwaka juzi, mama."

"Na watu wote hawa wanaokuzunguka, hawakuona?"

Jenerali akaugeuzia ukumbi uso wake. "Nilidhani wameona wakanyamaza," akasema. "Nilidhani wanangoja nianguke. Kila usiku nililala nikiwaogopa." Akalia pale pale, mbele ya jeshi lake.

Tabibu akaitwa, akasema ni mtoto wa jicho, akautoa ule utando, na jicho moja likapona. Mzee Farahani akafunguliwa. Kabla ya kwenda nyumbani aliomba kuiona picha aliyoichora bintiye. Akasimama mbele yake, akainua uso, akayatazama yale macho.

"Nilikaa naye chumba kile kile, Tunu," akasema. "Mtu anakuwa kipofu mbele yangu, na mimi nahesabu vifungo. Aliyeinama hachori macho."