Boga la Diwani

Diwani Mabula aliwanyima vijana wa klabu ya kilimo shamba la mtoni, wakapanda maboga kwenye magunia ya udongo. Boga moja liliponenepa kama ngoma, diwani akalitaka alishindanishe kwa jina lake kwenye maonyesho ya kilimo ya kila mwaka.

“Chukua, mheshimiwa,” akasema Nyamizi, katibu wa klabu. “Ila wakiuliza umelilima wapi?”

“Shambani kwangu mtoni! Nani atabisha?”

“Nani athubutu? Sema tu kwa sauti, majaji wengine ni wazee.”

Siku ya maonyesho alisema mpaka kipaza sauti kikalia. Akashinda. Miaka yote alikuwa akiondoka kwenye maonyesho hayo pilau likiisha, hivyo hakuwahi kusikia tangazo la mwisho.

“Kama kawaida yetu,” jaji akatangaza, “shamba lililotoa zao la ushindi watalilima vijana wa klabu msimu ujao, na mavuno ni yao.”

Nyamizi akainuka. “Hongera, mheshimiwa. Majembe tumekuja nayo.”